Niliachishwa kazi mwaka 2019, na sasa fomu ya kazi niliyonayo inauliza: nijibu nini?

Mtunza Stoo (mleta mada)

Habari za leo wanajukwaa. Nimekaa na jambo hili moyoni kwa wiki mbili, na nimeamua kuliandika kwa sababu tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na kwa sababu sidhani kama niko peke yangu katika mji huu wa Dodoma mwenye barua ya kuachishwa kazi iliyofichwa chini ya nguo sandukuni.

Mimi ni mtunza stoo. Kwa sasa nimeajiriwa na kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, ghala letu liko upande wa Ihumwa, na nina miaka miwili na miezi minne kazini bila onyo lolote. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2015 hadi 2019, nilitunza stoo ya mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti kule Kizota, na huko ndiko nilikoachishwa kazi.

Nitaeleza kilichotokea bila kujipendelea. Katika hesabu ya mwisho wa mwezi, leja ilionyesha madumu 412 ya lita 20, lakini sakafuni tulihesabu 375. Madumu 37 hayakuonekana. Kadi za stoo zote zilikuwa na saini yangu. Ukweli ni kwamba jioni mbili za mwezi ule nilitoka mapema kumpeleka mwanangu kliniki, nikaacha funguo kwa msimamizi wa wapakiaji kwa ruhusa ya mdomo ya bosi, na asubuhi yake nikatia saini kadi kwa kuangalia urefu wa safu za madumu tu, bila kuhesabu. Safu ya mbele ilikuwa kamili. Nyuma yake palikuwa na nafasi ambayo mtu hawezi kuiona mpaka apande juu ya mbao. Sikuiba dumu hata moja, ila nilisaini kitu ambacho sikukihesabu, na hilo siwezi kulikana.

Niliitwa ofisini, nikaulizwa maswali kwa muda usiozidi robo saa, na siku hiyohiyo nikapewa barua. Hakuna polisi aliyeitwa wala kesi iliyofunguliwa. Nilirudi nyumbani Mpwapwa, nikakaa kwa wazazi karibu miezi mitatu nikiwa sina hata nguvu ya kuuliza haki zangu ni zipi.

Nilipopata kazi hii ya sasa, kwenye fomu ya kuajiriwa palikuwa na mstari wa sababu ya kuacha kazi ya awali, nami nikaandika "mkataba uliisha". Kwenye usaili nilirudia maneno hayohayo kwa mdomo. Nilikuwa na njaa ya kazi na mtoto anayeanza shule, lakini najua kwamba hayo yanaeleza tu kwa nini nilisema uongo, hayaufanyi uwe ukweli.

Sasa kampuni imepata zabuni ya kupeleka vifaa kwenye mradi mmoja Mtumba, na mteja ametaka taarifa za wafanyakazi wote zihuishwe. Fomu mpya inauliza waziwazi: "Je, umewahi kuachishwa kazi na mwajiri yeyote? Kama ndiyo, eleza." Chini yake kuna tamko la kutia saini kwamba taarifa zote ni za kweli na kwamba uongo utachukuliwa kuwa kosa la kinidhamu. Wakati huohuo nimependekezwa kuwa msimamizi wa ghala. Na mwezi uliopita tumeajiri dereva ambaye alikuwa Kizota wakati ule, na anajua kila kitu.

Naomba ushauri wa watu wanaolifahamu jambo hili kwa undani. Je, mwajiri wa sasa anaweza kuniachisha kazi kwa sababu ya yale ya 2019? Na kama si kwa yale ya 2019, je, kwa yale niliyoandika nilipoajiriwa?

Afisa Utumishi Mstaafu

Binti yangu, pole, na ahsante kwa kueleza bila kuficha upande wako wa kosa. Nimefanya kazi ya utumishi kwa zaidi ya miaka ishirini katika kampuni binafsi hapa Dodoma na Morogoro, nami nimeyaona mambo ya namna hii mara nyingi kuliko wafanyakazi wanavyodhani.

Yale ya 2019 ni jambo lililokwisha kati yako na mwajiri yule. Mwajiri wako wa sasa hakuwa sehemu yake, na hawezi kukuadhibu kwa kosa lililofanyika kwenye stoo ya mtu mwingine. Kuachishwa kazi si kutiwa hatiani na mahakama. Hakuna daftari la taifa linaloandika majina ya walioachishwa kazi katika sekta binafsi. Watu wengi wanaishi na hofu ya daftari hilo, nalo halipo.

Kilichopo ni njia nyingi ndogondogo ambazo habari hupitia. Wadhamini uliowaandika hupigiwa simu. Namba yako ya uanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni ileile tangu kazi ya kwanza, na taarifa ya michango huonyesha ni mwajiri gani alikuwa anakuchangia na alikoma mwezi gani. Mtu aliyesema mkataba uliisha Desemba, huku michango ikionyesha imekoma Agosti, hujikuta anaulizwa swali ambalo hakujiandaa nalo. Kisha kuna madereva, wapakiaji, mawakala na walinzi wanaohama kutoka ghala moja kwenda jingine. Dodoma imekua sana tangu Serikali ilipohamia hapa kuanzia mwaka 2016, lakini watu wa maghala ya Kizota na Ihumwa bado wanajuana kwa majina ya watoto wao.

Kwa hiyo tatizo lako, kwa jinsi ninavyoliona, limehama. Mwaka 2019 lilikuwa ni madumu 37. Leo ni maneno mawili uliyoandika kwenye fomu. Kabla sijasema zaidi naomba unijibu mambo matatu: barua ile inasema sababu gani hasa, ulipewa muda gani kati ya kuitwa na kusikilizwa, na je, ulipewa cheti cha utumishi ulipoondoka?

Mtunza Stoo (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Nimeitafuta barua usiku huu. Inasema "kampuni imepoteza imani nawe kutokana na upotevu wa mali iliyokuwa chini ya uangalizi wako". Neno wizi halipo. Niliitwa Jumanne saa nne asubuhi kwa mdomo, kikao kikawa saa nane mchana siku hiyohiyo, na barua nikaipokea saa kumi na moja. Hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuja na mtu. Cheti cha utumishi sikupewa, na sikujua kama kinatakiwa kutolewa.

Mwakilishi wa Tawi

Dada, mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye tawi letu, nami husindikiza wenzetu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, pale wanapoachishwa kazi. Nitajibu kwa kirefu kidogo kwa sababu majibu yako yana mambo ambayo wasomaji wengine pia yatawafaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri awe na sababu halali na ya haki, na pia afuate utaratibu wa haki. Kimoja bila kingine hakitoshi, na mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinampa mfanyakazi muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu usiopungua saa 48, pamoja na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Wewe ulipewa saa nne. Kwa hiyo, hata kama sababu yao ilikuwa na uzito, utaratibu wao ulikuwa na kasoro kubwa.

Lakini lazima niseme na upande unaouma. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Mtu akichelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila atatakiwa kutoa sababu za msingi na kueleza kila siku aliyochelewa ilitumikaje. Kwa miaka iliyopita hapa, sioni njia, na nisingependa mtu akuchukulie pesa akikuahidi kufungua shauri hilo. Nimewaona wazee wa watu wakiuza mbuzi kulipia mashauri yaliyokwisha kufa siku ya thelathini na moja. Inaniumiza kila mara, kwa sababu siku zile thelathini ndizo hasa siku ambazo mtu aliyeachishwa kazi anakuwa amejifungia ndani kwa aibu, kama ulivyokuwa wewe Mpwapwa.

Kuhusu cheti cha utumishi, kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, bila kujali imekoma kwa njia gani. Cheti hicho si barua ya sifa; ni uthibitisho kwamba ulifanya kazi fulani, kwa kipindi fulani. Pendekezo Na. 166 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1982, linasema cheti cha namna hiyo kitaje tu tarehe za kuanza na kumaliza kazi na aina ya kazi iliyofanywa, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe akiomba zaidi. Pendekezo hilo halina nguvu ya sheria hapa kwetu, lakini ni hoja nzuri ya kumwonyesha mwajiri anayetaka kuandika maneno makali. Nenda Kizota ukakiombe kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, mweleze afisa kazi wa mkoa.

Sasa swali lako kuu. Je, mwajiri wa sasa anaweza kukuachisha kwa uongo wa kwenye fomu? Anaweza kukufungulia shauri la nidhamu, ndiyo. Kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa kumetajwa kwenye Kanuni kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Wewe umepita miezi sita ya mwanzo, ambayo ndani yake kinga hizi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hazimhusu mfanyakazi. Kwa hiyo hawezi kukutoa kwa neno la mdomo. Atatakiwa akupe tuhuma kwa maandishi, akupe saa zako 48, akusikilize, kisha apime uzito: kosa lina uhusiano gani na kazi yako, rekodi yako ikoje, umekaa muda gani, na kuna uwezekano gani wa kurudia.

Hapo kwenye uhusiano wa kosa na kazi ndipo pazito kwako. Kama ungekuwa fundi wa kuchomelea, upotevu wa madumu usingegusa sana kazi yako. Wewe ni mtunza stoo, uliachishwa kwa mali ya stoo, na ulilificha jambo hilo ulipoomba kutunza stoo nyingine. Mwenyekiti yeyote wa kikao cha nidhamu ataliona.

Mchangiaji wa Chang'ombe

Dada usijichongee. Jaza "Hapana", tia saini, endelea na kazi. Hakuna wa kwenda kukagua Kizota mambo ya zamani namna hiyo. Huyo dereva mpe soda, mwombe anyamaze. Watu wote wanafanya hivyo.

Mwakilishi wa Tawi

Ndugu yangu, naheshimu nia yako ya kumlinda, lakini ushauri huu ndio unaojaza benchi la Tume. Alichoandika wakati wa kuajiriwa kilikuwa ni sababu isiyo ya kweli kwenye mstari mmoja, katika fomu ambayo huenda haikuwa na tamko lolote. Akiandika "Hapana" leo, atakuwa amejibu uongo kwa swali la moja kwa moja, chini ya tamko alilolisoma, akiwa amekwisha kuajiriwa na kuaminiwa. Kosa la zamani angeweza kulieleza kwa shida aliyokuwa nayo, lakini la leo atalieleza kwa nini?

Na dereva anayepewa soda leo ataomba nauli kesho.

Afisa Utumishi Mstaafu

Naungana na mwakilishi. Niongeze tofauti ambayo watu huichanganya, nayo ni tofauti ya kukaa kimya na kudanganya. Ukiomba kazi na hakuna aliyekuuliza kama uliwahi kuachishwa, kwa kawaida hulazimiki kutangaza. Wasifu wako unaweza kusema "2015 hadi 2019, mtunza stoo" na ukaishia hapo. Sheria ya Mikataba inaruhusu upande uliodanganywa kuukataa mkataba uliopatikana kwa udanganyifu, lakini kunyamaza tu, pasipo wajibu wa kusema, hakuhesabiwi kuwa udanganyifu. Ukishaulizwa swali, mlango wa kunyamaza umefungwa. Hata kuacha nafasi wazi mbele ya swali la namna hiyo ni jibu, na kwa uzoefu wangu ni jibu linalomfanya afisa utumishi anyanyue simu.

Wengine mtauliza kama si ubaguzi kumnyima mtu kazi kwa sababu aliwahi kuachishwa. Kifungu cha 7 cha sheria kinakataza ubaguzi na kinamlinda hata mwombaji wa kazi, lakini misingi iliyotajwa ni kama kabila, rangi, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri na hali ya maisha. Historia ya kuachishwa kazi haimo kwenye orodha hiyo. Mwajiri anaweza kuizingatia. Ndiyo maana namna unavyoieleza ina thamani kubwa kuliko watu wanavyoipa.

Vilevile, ukihisi kwamba mwajiri wa zamani anakusema kwa jambo ambalo hata barua yake haikulisema, kwa mfano akikuita mwizi, unayo njia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizohifadhiwa na kutaka zirekebishwe zisipokuwa sahihi. Barua yako inasema upotevu. Shikilia neno hilo, usikubali libadilishwe, na wewe mwenyewe usiliongezee wala kulipunguza.

Mtumishi wa Mtumba

Samahani kwa kuingia, mimi ni mtumishi wa umma na ningependa kuongeza upande wetu, kwa kuwa vijana wengi hapa mjini wanahama kutoka kampuni binafsi kwenda serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira.

Kwa mtumishi wa umma njia ya kudai haki ni nyingine. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anatakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi, na rufaa inatakiwa ndani ya siku 45. Nimeshuhudia mwenzetu akikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akarudishwa mlangoni, na siku zake za rufaa zikawa zimepita akiwa kwenye foleni isiyo yake.

Kuhusu taarifa za uongo, sisi tuliokuwepo hatuwezi kusahau Aprili 28, 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Miongoni mwao walikuwapo watu waliofanya kazi miaka mingi, wenye wagonjwa waliowashukuru na wanafunzi waliofaulu mikononi mwao. Hawakuondolewa kwa utendaji mbaya. Waliondolewa kwa karatasi waliyoingia nayo. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango yao waliyokuwa wakikatwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini kazi ndiyo ilikuwa imekwenda. Jambo la dada si la kughushi cheti na silifananishi kwa uzito. Nasema tu kwamba uongo wa mlangoni hauchakai kwa kukaa kazini muda mrefu. Matangazo ya ajira za umma mpaka leo yana onyo la hatua za kisheria kwa anayewasilisha taarifa za kughushi.

Mkamua Alizeti, Kibaigwa

Mimi ni mwajiri mdogo, nina mashine ya kukamua alizeti na wafanyakazi kumi na wawili. Nimesoma uzi wote na ningependa mleta mada aone pia upande wa mtu anayeketi nyuma ya meza.

Mwaka juzi alikuja kijana kuomba kazi ya mizani. Nilimuuliza kwa nini aliacha kule alikokuwa, akaniangalia, akasema: "Niliachishwa. Nilimpimia mteja gunia kwa mizani ambayo sikuwa nimeirudisha sifuri asubuhi, kampuni ikalipa fidia." Nikamuuliza sasa hivi ukifika kazini unafanya nini kwanza. Akaniambia anaweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani kabla ya gunia la kwanza, na anaandika kwenye daftari. Nilimchukua. Mpaka leo daftari hilo lipo, na wakulima wanaoleta alizeti kutoka Kongwa na Kiteto wanaliomba kuliona wenyewe.

Mwingine alikuja na barua nzuri ya kuacha kazi kwa hiari. Baada ya miezi minne nikajua kwamba alikuwa amelazimishwa kuiandika, akiambiwa ajiuzulu ili asitiriwe. Nilikasirika, nikamwondoa, na leo najuta kidogo kwa sababu sikumpa nafasi ya kueleza. Ningependa wataalamu waseme kitu kuhusu barua hizo za kulazimishwa, kwa kuwa ni nyingi sana huku kwetu.

Mwakilishi wa Tawi

Ahsante mzee kwa mchango huu. Barua ya "jiuzulu tukusitiri" ni mtego. Mfanyakazi anadhani amenusurika kwa kuwa kwenye karatasi hakuachishwa, kumbe amejifunga. Sheria inatambua kwamba kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kazi yasivumilike ni sawa na kuachishwa, lakini sasa ni mfanyakazi anayepaswa kuonyesha kwamba alilazimishwa, wakati karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe inasema aliondoka kwa hiari na kuwatakia heri. Na siku thelathini zinamhesabia yeye vilevile. Kwa hiyo mtu akiletewa kalamu na karatasi tupu ofisini, aombe kwenda nyumbani kwanza, hata kama ni kwa usiku mmoja.

Dada, rudi kwetu. Umefikia wapi?

Mtunza Stoo (mleta mada)

Nimewasoma wote, na nimesoma tena. Kijana wa mizani amenifanya nilie, kusema kweli. Nimeamua kuandika "Ndiyo" kwenye fomu na kuambatanisha barua. Naomba mniangalizie rasimu:

"Ninaomba kurekebisha taarifa niliyoitoa wakati wa kuajiriwa. Niliandika kwamba mkataba wangu wa awali uliisha. Taarifa hiyo haikuwa sahihi. Niliachishwa kazi mwaka 2019 kwa kuonewa, baada ya kupotea kwa madumu ya mafuta yaliyokuwa kwenye stoo niliyoitunza. Niliogopa kunyimwa kazi. Naomba radhi na niko tayari kueleza zaidi."

Afisa Utumishi Mstaafu

Rasimu ni nzuri na fupi. Ondoa maneno "kwa kuonewa". Utaratibu wao ulikuwa mbovu, hilo ni kweli, lakini kwenye barua hii neno hilo litamfanya msomaji abishane nawe kuhusu Kizota badala ya kukusikiliza kuhusu Ihumwa. Mahali pake weka kilichotokea: kwamba ulitia saini kadi bila kuhesabu. Kisha sema tangu ulipoajiriwa hapo umekuwa ukihesabuje. Usiandike sifa zako, andika unachofanya. Ipeleke barua kwa afisa rasilimali watu kabla ya siku ya mwisho, isije ikaonekana umesubiri dereva aseme kwanza, na ubaki na nakala iliyopokelewa kwa saini na tarehe.

Jiandae pia kwa jibu lisilokufurahisha. Usimamizi wa ghala unaweza usiupate safari hii.

Mtunza Stoo (mleta mada)

Wanajukwaa, zimepita wiki tano, nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyowaahidi baadhi yenu.

Barua niliipeleka siku ya Jumatano. Ijumaa nikapewa tuhuma ya maandishi ya kutoa taarifa isiyo ya kweli wakati wa kuajiriwa, na kikao kikapangwa Jumanne iliyofuata. Niliingia na mwenzangu wa idara ya mauzo. Mwenyekiti aliniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: kama dereva asingeajiriwa, je, ningesema? Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba fomu ndiyo iliyonilazimisha kuamua. Aliandika jibu langu lote, neno kwa neno, akanisomea nilihakikishe. Kisha wakaleta kadi zangu za stoo za miezi kumi na minane. Kila Jumamosi pana hesabu ya sakafu yenye saini mbili, yangu na ya mlinzi wa zamu, utaratibu ambao niliuanzisha mwenyewe bila kumwambia mtu sababu yake. Waliniuliza sababu, nikawaeleza ile nafasi iliyokuwa nyuma ya safu ya madumu.

Nimepewa onyo la mwisho la maandishi. Pendekezo la usimamizi wa ghala limeondolewa, na nafasi hiyo amepewa mwingine aliyetoka Singida, ambaye tunafanya naye kazi vizuri. Kazi yangu ninayo. Dereva alikuja kuniambia kwamba hakuwa na nia ya kusema chochote, na ninamwamini.

Kizota nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza karani aliniambia mafaili ya 2019 hayapo. Mara ya pili nilikwenda na barua ya maombi nyingine, nikaomba waigonge muhuri tu kwamba wameipokea, na wiki moja baadaye nikapigiwa simu nikachukue cheti. Kimeandikwa jina langu, kazi niliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza, bila neno lolote zaidi. Nakala moja nimeikabidhi kwa afisa rasilimali watu, ameiweka kwenye faili langu juu ya ile fomu ya kwanza, ambayo hakuitoa.